Neno "Kikabaila" na Matumizi Yake Katika Buhaya

Nataka kusema machache katika kurasa za gazeti letu juu ya neno moja ambalo sisi makarani huliandika mara nyingi na kulichunguza mara chache. Neno lenyewe ni hili, "kikabaila". Twalisikia katika mikutano ya vijiji, twalisoma katika barua za mashtaka, twalikuta katika mihtasari ya mabaraza ya ardhi, na aghalabu twalinakili kama lilivyo bila kuuliza lina maana gani. Wahenga walisema, Asiyejua maana haambiwi maana. Lakini karani hana ruhusa ya kujificha nyuma ya methali hiyo. Kazi yake ni kujua maana kabla ya kuandika, kwa sababu neno likiisha kuingia katika jalada halitoki tena kwa urahisi.

Labda yuko mtu atakayesema, "Maneno ni maneno tu; acha watu waitane wapendavyo." Jibu langu ni kwamba hapa kwetu Bukoba na Muleba, ambako vibanja ni vidogo na watu ni wengi, neno laweza kumpokonya mtu shamba. Katika kijiji kimoja, ambacho sitakitaja, nyumba mbili ziligombania mpaka. Upande mmoja ukaandika katika madai yake ya kuwa wapinzani wao ni watu wa ukoo wa kikabaila, na kwa hiyo wameshakula vya kutosha. Neno lile likaingia katika muhtasari. Hapana aliyeuliza kama babu wa watu wale aliwahi kushika nyarubanja hata moja. Ilitosha kujulikana ya kuwa wao ni Wahinda. Tangu hapo shauri lililokuwa juu ya miti ya mlamula iliyopandwa mpakani likageuka kuwa shauri juu ya nasaba, na wazee waliokuja kushuhudia mahali ilipokuwa miti ile hawakusikilizwa tena. Hivyo ndivyo neno moja lisilopimwa liwezavyo kuharibu haki.

Basi na tuanze na asili ya neno. Neno "kabaila" limetoka katika Kiarabu, nalo ni ndugu wa neno "kabila". Katika Kiswahili cha zamani kabaila alikuwa mtu mkubwa, mwenye nasaba na heshima. Aliyeitwa hivyo hakutukanwa, bali alisifiwa. Baadaye, watu walipotafuta maneno ya Kiswahili ya kuelezea mafundisho ya Karl Marx na wafuasi wake, walihitaji jina la yule bwana wa ardhi wa Ulaya ya zamani, na neno walilolichukua ni "kabaila". Kutoka hapo tukapata "ukabaila" kuwa jina la utaratibu wenyewe, na "kikabaila" au "-a kikabaila" kuwa sifa ya kila jambo lililo la utaratibu ule.

Uchaguzi huo haukuwa mbaya, walakini ulileta mkanganyiko ambao mpaka leo haujatuondoka. Sifa ile ya lugha za Ulaya haikutokana na nasaba hata kidogo. Ilitokana na neno la Kilatini cha zamani za kati, feudum, ambalo maana yake ilikuwa ardhi aliyopewa mtu na bwana wake kwa sharti la utumishi. Katika lugha za Ulaya, basi, mzizi wa sifa hii ni ardhi. Katika Kiswahili mzizi wake ni ukoo. Mzungu alisemapo jambo ni la namna hiyo, neno lake humpeleka shambani. Sisi tusemapo ni la kikabaila, neno letu hutupeleka kwenye orodha ya mababu. Nadhani nusu ya makosa yetu katika kulitumia yametoka hapo.

Sasa, Marx mwenyewe alimaanisha nini? Sitajifanya mwanafalsafa, lakini jambo lenyewe si gumu kama watu wanavyolifanya. Katika ilani yake na Engels ya mwaka 1848 alieleza ya kuwa jamii ya mabepari ilizaliwa katika magofu ya jamii ya makabaila. Tena katika kitabu cha tatu cha Das Kapital, ambacho Engels alikitoa mwaka 1894 baada ya mwandishi wake kufa mwaka 1883, imo sura ndefu juu ya kodi ya ardhi. Humo twaona alama tatu ambazo mtu yeyote mwenye akili ya kawaida aweza kuzipima.

Alama ya kwanza ni hii: mlimaji hajatengwa na ardhi wala na jembe lake. Yumo shambani, anajua mipaka yake, analima kwa mikono yake na nyumba yake inakula humo. Hapa ndipo anapotofautiana na kibarua wa bepari, ambaye hana kitu ila nguvu zake, naye huziuza kwa mshahara.

Alama ya pili: ziada ya kazi yake huchukuliwa na mtu mwingine, wala haichukuliwi kwa kupatana bei sokoni. Huchukuliwa kwa sababu mchukuaji ana cheo, ana baraza, ana askari, au ana desturi iliyo nyuma yake. Mlimaji hutoa kwa kuwa yeye ni mtu wa fulani, na akikataa atafukuzwa.

Alama ya tatu: kitolewacho chaweza kubadilika sura, na utaratibu ukabaki ule ule. Marx alitaja sura tatu zikifuatana. Kwanza hutolewa kazi, maana yake mtu hulima shamba la bwana kwa siku kadhaa. Kisha hutolewa mazao. Mwisho hutolewa fedha, na fedha ikiisha kuingia utaratibu wenyewe huanza kulegea na kuelekea katika mwingine.

Ndugu watumishi wenzangu, mtu wa Buhaya akisoma maneno haya hana haja ya kusafiri mpaka Ulaya ili ayaelewe. Ayatazame katika nyarubanja.

Wasomaji wa hapa wanajua ya kuwa kibanja ni shamba la migomba linalozunguka nyumba, lenye mibuni ndani yake, lililorutubishwa kwa samadi na nyasi kizazi baada ya kizazi. Rweya ni uwanda wa nyasi ulio nje ya vibanja. Nyarubanja ilikuwa eneo kubwa lililokusanya vibanja vingi chini ya mtu mmoja. Mukama alimpa mtu eneo hilo kuwa zawadi ya utumishi, iwe kwa mwanawe, au kwa mkuu wa vita, au kwa mtu wa ikulu aliyempendeza. Na pamoja na ardhi alipewa watu waliokuwa wakikaa humo. Kuanzia siku ile watu hao wakawa batwarwa. Hawakuhama, hawakupoteza majembe yao, hata migomba ilikuwa ile ile waliyoipanda baba zao. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na mtu wa kumpelekea mikungu ya ndizi na rubisi, wa kumjengea nyumba na kumfanyia kazi, ambaye akikasirika mtwarwa hana pa kusimama.

Tukizipanga alama zetu tatu juu ya habari hiyo, zote zatulia mahali pake. Mlimaji yumo shambani. Ziada yatoka kwa nguvu ya cheo. Na sura ya kitolewacho ilikuwa kazi na mazao. Ardhi nayo ilitolewa kwa sharti la utumishi kwa Mukama, jambo ambalo ndilo maana ya lile neno feudum. Tena jina lenyewe, nyarubanja, limezaliwa na neno kibanja, yaani limetoka katika ardhi wala halikutoka katika ukoo. Kwa hiyo nathubutu kusema ya kuwa neno la Kihaya liko karibu zaidi na maana ya Marx kuliko neno la Kiswahili tunaloliandika katika majalada.

Wataalamu wengine wamekanusha ya kuwa Afrika ilikuwa na ukabaila. Mwanachuoni Jack Goody aliuliza swali hilo katika makala ya mwaka 1963, naye akaonyesha ya kuwa mahali pengi pa Afrika ardhi ilikuwa tele na watu wachache, jembe la mkono lilitumika badala ya plau, na mtu aliyeonewa aliweza kuhama akafyeka pori jingine. Hoja hiyo ni nzuri na yatupasa kuiheshimu. Lakini kibanja hakifanani na pori. Migomba iliyolishwa samadi miaka mingi haihamishwi kichwani, na aliyekiacha kibanja chake akaenda rweya alikwenda kwenye udongo mwembamba usioweza kulisha nyumba yake. Kwa hiyo, ijapokuwa hoja ya Goody ni kweli kwa nchi nyingi, kwetu ina kasoro, na kasoro hiyo ni migomba.

Walakini haki yataka nitaje na upande wa pili. Si Buhaya yote iliyokuwa nyarubanja. Vibanja vingi vilikuwa vya koo na vya nyumba, na wenyewe hawakuwa batwarwa wa mtu. Mukama naye aliweza kumnyang'anya mkubwa nyarubanja aliyompa jana. Hapana budi kuongeza ya kuwa utaratibu huo haukukaa vile vile tangu kale. Zamani za Wadachi nyarubanja ziliongezeka, na kahawa ilipopata bei kila mkubwa alitamani kuhesabu mibuni iliyokuwa ndani ya vibanja vya watu wengine. Fedha ikaingia mahali pa rubisi na mikungu. Walipokuja Waingereza na utawala wao wa kupitia kwa machifu, walijaribu kuweka kanuni juu ya jambo hili, wala hawakuling'oa. Kwa hiyo mtu akiniuliza nyarubanja ya miaka ya 1930 ilikuwa kitu gani, nitamjibu ya kuwa ilikuwa ya kikabaila katika mzizi wake na ya kibiashara katika matawi yake.

Majirani zetu walikuwa na habari zinazofanana na hizi, na kuzitazama husaidia kulipima neno. Katika Buganda, mapatano ya mwaka 1900 yaliwapa wakubwa ardhi ya mailo kuwa mali yao kabisa, na malipo ya wapangaji yakazidi mpaka ikatungwa sheria ya Busuulu na Envujjo mwaka 1927 ili kuyawekea mpaka. Katika Rwanda kulikuwa na ubuhake, ambao kiungo chake kilikuwa ng'ombe: mtu alipokea ng'ombe kwa bwana wake na kumtumikia. Mwami Mutara Rudahigwa aliuondoa mwaka 1954. Waandishi wengi wameyaita mambo haya yote matatu ya kikabaila, lakini yeyote aonaye tofauti kati ya shamba, hati ya shamba na ng'ombe atajua ya kuwa sifa moja haitoshi kueleza kila kitu. Sifa hutuonyesha mlango tu; kuingia na kutazama yaliyomo ni kazi yetu wenyewe.

Sasa nageukia historia ya neno lenyewe katika nchi yetu, maana nayo ina fundisho. Hayati Baba wa Taifa, Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962, alieleza shaka yake kama kuna lugha yoyote ya asili ya Afrika yenye neno la "tabaka". Namheshimu Mwalimu kama wamheshimuvyo wote, na najua alitaka kuonyesha ya kuwa undugu wa jamaa ndio msingi wetu. Lakini mtu aliyezaliwa kati ya maneno mukama, balangira, bairu na batwarwa hawezi kulipokea jambo hilo bila kusita. Neno moja la kufunika yote labda hatukuwa nalo; majina ya tabaka zenyewe tulikuwa nayo, tena kila mtoto aliyajua kabla hajajua kuhesabu. Mwalimu huyu huyu ndiye aliyeandika mwaka 1958, katika Mali ya Taifa, akionya ya kuwa ardhi ikiwa bidhaa ya kuuzwa, wachache watakuwa wenye ardhi na wengi watakuwa wapangaji. Katika onyo hilo alikuwa karibu sana na yaliyowapata batwarwa.

Na tazama jinsi mambo yalivyofuatana. Mwaka 1963 sheria iliondoa utawala wa machifu. Mwaka 1965 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakomboa batwarwa wa nyarubanja, na mwaka 1968 ikafuata sheria nyingine juu ya upangaji wa ardhi wa kimila. Kati ya sheria hizo mbili, mwezi wa Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, lililosema ya kuwa kiongozi awe mkulima au mfanyakazi na asishiriki mambo ya kibepari wala ya kikabaila. Kuanzia hapo neno likaenea kila pembe ya nchi, redioni, shuleni na katika mikutano. Maana yake ni kwamba hapa kwetu neno lilipata nguvu wakati kitu chenyewe kilikuwa kikishushwa kaburini. Neno lililopoteza kitu chake halikai bure. Hutafuta kitu kingine cha kukishika, na mara nyingi hushika mtu asiyehusika. Wazee wetu waliosoma, walioanzisha Bukoba Bahaya Union mwaka 1924, hawakuhitaji neno hili walipolalamika; walisema nyarubanja, na kila mtu akajua ni shamba gani, mwenyewe nani na malipo yake ni nini.

Hebu sasa nitaje matumizi manne ninayoyaona kuwa si sahihi.

La kwanza ni kumwita mtu mwenye majivuno kabaila. Mkubwa wa ofisi asiyeitikia salamu, anayewaacha wananchi wakisimama juani huku yeye akinywa chai, ana tabia mbaya, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu cha 15, uliwakataza viongozi majivuno na uonevu wa namna hiyo. Kiswahili kina maneno ya kumfaa: ana kiburi, ana ubwana, ana umwinyi. Lakini kama hachukui mazao ya mtu kwa sababu ya ardhi, yeye si kabaila. Tukimwita hivyo twampa cheo asichokuwa nacho.

La pili ni kuutia ukoo mzima katika neno. Sio kila Mhinda wala kila Mubito aliyekuwa na nyarubanja, na wako watu wasio wa koo hizo ambao walizipata kwa utumishi wao. Mtoto aliyezaliwa miaka mingi baada ya mwaka 1965 hakurithi ada ya mtu yeyote. Kumhukumu kwa jina la ukoo wake ni kuurudisha mlango wa nasaba ambao tulidai tumeubomoa. Kadhalika ni aibu kumcheka mtu leo kwa kuwa babu yake alikuwa mtwarwa. Yule anayecheka hivyo na yule anayetukana hivyo wote wawili wanaamini jambo moja, kwamba ukoo ni hatima.

La tatu ni kumwita tajiri kabaila. Mfanya biashara aliyenunua shamba, akaajiri vibarua na kuwalipa kila mwezi, akauza kahawa ili apate faida, huyo kwa lugha ya Marx ni bepari. Awe mwema au mbaya, anawalipa vizuri au anawapunja, hilo ni swali jingine, nalo lina sheria zake za kazi. Neno "bepari" nalo lilianza kwa maana ya mchuuzi tu, limetoka Bara Hindi. Yatosha kwa leo kusema ya kuwa bepari na kabaila hawakai katika kiti kimoja.

La nne ni gumu zaidi, kwa sababu wanaolitumia wana haki upande wao. Desturi ya Kihaya ilimzuia mwanamke asiuze ardhi ya ukoo aliyoirithi, ambapo mwanamume aliruhusiwa. Mwaka 1990 Mahakama Kuu huko Mwanza, katika shauri lililotoka huku kwetu, iliamua ya kuwa ubaguzi huo haupatani na haki za binadamu zilizomo katika Katiba, na mwanamke akapata haki sawa na mwanamume. Watu wengi huiita desturi ile ya kikabaila. Mimi nasema, ilikuwa dhuluma, tena dhuluma kubwa, lakini haikuwa ya kikabaila. Hapakuwa na bwana aliyepokea ada. Palikuwa na ukoo wa wanaume uliojilinda dhidi ya binti zake wenyewe. Tukiiita ya kikabaila tutaonekana kana kwamba sheria ya 1965 ilishaimaliza, na wanaume wa koo za kawaida wataosha mikono yao wakisema, "Hayo yalikuwa mambo ya wakubwa." Dhuluma ikiitwa kwa jina la jirani yake, mwenye kosa huondoka bila kuulizwa.

Baada ya kuondoa matumizi hayo manne, je, neno limebaki bila kazi? Ingekuwa hivyo ningelishauri tuliweke makumbusho. Lakini lina kazi moja ambayo ni ya leo, na inatuhusu sisi wasomaji wa gazeti hili kuliko watu wengine.

Wengi wetu tunafanya kazi mbali, Mwanza, Dodoma, Dar es Salaam na kwingineko, na vibanja vya baba zetu vimebaki nyumbani. Haifai kibanja kifunge magugu, basi twamweka mtu. Aghalabu ni maskini aliyetoka mbali, hana ardhi ya kwake, na pengine ana mke na watoto. Anakaa katika kibanda pembeni ya migomba. Anapalilia, anaweka nyasi, anachuma kahawa wakati wa msimu na kuikabidhi yote. Sisi au ndugu zetu tukija likizo anatukatia mikungu mizuri, anateka maji, anachanja kuni. Mara nyingi hana mkataba wala mshahara unaojulikana. Tunasema, "Tumempa mahali pa kukaa." Na siku tukimkasirikia twamwambia aondoke kabla ya jua kuchwa, hata kama migomba nusu ameipanda yeye.

Nawaomba wasomaji wazipange alama zetu tatu juu ya habari hiyo bila haraka. Mlimaji yumo shambani na jembe lake, na nyumba yake inakula humo. Ziada yake yachukuliwa bila kupatana mshahara, kwa kuwa yuko juu ya ardhi yetu. Anachotoa ni kazi na mazao, zile sura mbili za kale zaidi, kabla hata ya fedha kuingia. Sisemi ya kuwa kila mwenye mwangalizi ni kabaila. Wako wanaolipa vizuri kila mwezi na kuandika mapatano, na hao wametoka katika neno hili. Lakini ikiwa hatulipi wala hatuandiki, basi karani wa leo anayeongea kwa ukali juu ya Wahinda aweza kuwa karibu zaidi na maana ya neno kuliko mjukuu wa Mukama anayekaa katika robo eka. Yule mtu wa pembeni ya migomba ni mtwarwa bila jina, na kwa kuwa hana jina hakuna sheria iliyotungwa kwa ajili yake kama ile ya 1965.

Najua wako watakaonijibu ya kuwa wao wenyewe wana mishahara midogo, na ya kuwa mwangalizi angekufa njaa kama wasingempokea. Hoja ya kwanza ni kweli, nami naionja kila mwisho wa mwezi. Hoja ya pili ilitolewa na kila mwenye nyarubanja: kwamba anamlinda mtwarwa, anamsaidia katika shida, anampa mahali pa kuishi. Huenda wengine wao walifanya hivyo kweli. Wema wa bwana haukuondoa ukabaila, kwa sababu mtwarwa aliupata kwa hiari ya bwana wala si kwa haki yake. Kama sisi ni watu wema kweli, haitatugharimu kitu kuuandika wema wetu katika karatasi, mwangalizi akabaki na nakala yake.

Kwa hiyo natoa shauri la namna mbili. Kwanza, karani anayeandika muhtasari, akikutana na neno "kikabaila", aulize maswali matatu: Ni ardhi ipi? Nani analima, na nani anapokea? Anapokea kwa mapatano au kwa cheo? Akipata majibu, ayaandike hayo majibu, maana yana faida kuliko sifa yenyewe. Asipoyapata, basi neno lile liandikwe kuwa ni maneno ya msemaji, lisiingizwe katika hukumu. Pili, kila mmoja wetu mwenye kibanja chenye mwangalizi aandike mapatano naye: mshahara wake, sehemu yake ya mazao, muda wa kumpa habari kabla ya kumwondoa, na malipo ya alichokipanda. Mapatano hayo yashuhudiwe mbele ya uongozi wa kijiji au mtaa. Ni karatasi moja tu, na sisi ndio watu ambao kazi yetu ni karatasi.

Neno la siasa ni kama mizani ya kununulia kahawa. Mnunuzi akiikaza ili imlemee mkulima, mizani haina faida. Na mnunuzi anayepima magunia ya wengine bila kukubali lake lipimwe hana haki ya kuitwa mwaminifu. Neno hili tumelitumia miaka mingi kupimia magunia ya watu wengine. Sasa na tuliweke letu juu ya mizani, tuone lina uzito gani.

Nitafurahi wasomaji wenye maoni mengine wakinijibu katika kurasa hizi hizi.

Ni mimi mtumishi mwenzenu,

KARANI WA NYANGA
Bukoba